Mtungi Ulioachwa Kisimani

Jioni moja ya mwezi wa Agosti tulikuwa watu 14 tumeketi barazani kwa jirani yetu hapa Masasi, baadhi yetu wakiwa wametoka moja kwa moja shambani na harufu ya salfa ya mikorosho ingali kwenye nguo zao, tukisoma sura ya nne ya Injili ya Yohana. Niliyeongoza ni mimi, kama nilivyokuwa nikiongoza kila Alhamisi kwa miaka tisa tangu nilipostaafu kufundisha hisabati. Tulipofika mstari wa 28, unaosema kwamba yule mwanamke Msamaria aliuacha mtungi wake akaenda zake mjini, mama mmoja mjane, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, samahani. Huo mtungi aliouacha, ulikuwa umekwisha kujaa maji au ulikuwa mtupu?"

Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia darasani mtoto anapouliza jambo lisilo la somo: "Mama, tusikwame kwenye mtungi. Habari yenyewe iko mbele." Vijana wawili walicheka. Yeye aliifunga Biblia yake taratibu, akaiweka mapajani, na hakusema neno tena mpaka tulipoagana. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ya pili yake, wala ya tatu. Watu walipouliza habari zake nilisema kuwa huenda amebanwa na shamba, na nilipokuwa nikisema hivyo nilijua kwamba siyo sababu.

Ni lazima nieleze jinsi nilivyokuwa nikiisoma sura ile, maana bila hivyo kosa langu litaonekana kuwa ukali wa ulimi tu, na lilikuwa zaidi ya hapo. Kwangu mimi sura ile ilikuwa mjadala, na huo mjadala ndio uliokuwa utamu wake. Mwanamke anaweka hoja katika mstari wa 20 kuhusu mahali pa kuabudia, je, ni mlima huu au ni Yerusalemu, na Yesu anamjibu hatua kwa hatua mpaka mstari wa 24. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilijua kuwa mlima unaotajwa ni Gerizimu, kwamba Wasamaria walikuwa na hekalu lao huko, na kwamba hekalu hilo lilibomolewa na mtawala wa Kiyahudi Yohana Hirkano katika karne ya pili kabla ya Kristo, kiasi kwamba swali la yule mwanamke lilikuwa limebeba kidonda cha watu wake wote. Nilikuwa nimepanga namna ya kuonyesha jinsi maneno "wokovu watoka kwa Wayahudi" yanavyopatana na maneno yanayoyazunguka, ambayo kwa juu juu yanaonekana kuyapinga. Mtungi haukuwamo katika hoja; basi kwangu mtungi haukuwamo katika sura.

Tena nilikuwa na mamlaka ya kuufanya usiwemo. Tangu Askofu Edward Steere alipofika hapa Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, neno "mwalimu" limekuwa na uzito wa pekee katika kanisa letu, kwa sababu vijijini mwalimu ndiye aliyesoma maandiko, akayaeleza, na wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa mwalimu mara mbili, wa shule na wa dini, kwa hiyo kila nilipoisoma sehemu ya Injili kwa namna iliyonijia kwa wepesi, kundi zima lilijifunza kwamba hiyo ndiyo namna ya kusoma, na aliyeona jambo jingine alijihukumu mwenyewe kuwa hajaelewa.

Mwaka uliofuata nilihudhuria semina ya wahubiri walei mjini Mtwara, na siku ya pili mwezeshaji alituletea somo ambalo mwanzoni nililipokea kwa mashaka. Alisema kuwa Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alichapisha mwaka 1921 kitabu kuhusu aina za hulka za watu, na kwamba katika mafundisho yake akili ya mwanadamu ina kazi mbili kubwa, yaani kupokea habari na kuzitolea uamuzi. Katika kupokea, kuna anayetegemea kwanza milango ya fahamu, akashika kile kinachoonekana, kusikika na kuhesabika, na kuna anayetegemea ung'amuzi, ambaye jambo moja humkumbusha mengine matano na akaona mahali yanapoelekea. Katika kuamua, kuna anayepima kwa hoja, akitafuta kanuni inayosimama kwa kila mtu, na kuna anayepima kwa moyo. Hapo alitutahadharisha kwamba moyo katika maana hii si wepesi wa kulia, bali ni kuamua kwa kuangalia watu na thamani yao, jambo linaloweza kufanywa na mtu mkavu kabisa wa macho. Kila mmoja wetu ana uwezo wote minne, ila mmoja huutumia kama mkono wa kulia na mwingine kama wa kushoto.

Mama na binti wa Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ndio waliogeuza mafundisho hayo kuwa hojaji maarufu ya kupima hulka. Lakini lililonigusa ni kazi ya Leslie Francis, kasisi wa Kianglikana na profesa wa Uingereza, ambaye alichukua uwezo huo minne akauleta kwenye mimbari. Yeye anafundisha kwamba kifungu cha Injili kiulizwe maswali kwa zamu: kwanza kuna nini hapa cha kuonekana na kusikika, kisha kinazindua nini katika mawazo, kisha kinasema nini kuhusu watu na mahusiano yao, na mwishowe kinadai tufikiri nini. Mhubiri anayetumia mlango mmoja tu, ule alioumbiwa kuupenda, huwaacha nje waumini ambao milango yao ni mingine, nao huweza kukaa kanisani miaka mingi wakidhani kwamba neno la Mungu si lao.

Nilipoisikia sentensi hiyo nilimwona yule mama akiifunga Biblia yake. Niliporudi Masasi sikungoja Alhamisi, nilikwenda nyumbani kwake asubuhi, nikapiga hodi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, naye akaketi mkekani akiendelea kupepeta mtama. Nilimwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Siku ile ya mtungi nilikukatiza, na swali lako lilikuwa swali la haki."

"Sikukasirika, Mwalimu," alisema. "Niliona tu kwamba mwenzenu sijafika huko mliko."

Nikamwomba anieleze alichokuwa akikitafuta. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye amezaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako ardhi hunywa mvua yote, na enzi za usichana wake maji walikuwa wakiyafuata bondeni. "Tulikuwa tunaondoka alfajiri, giza bado, tunarudi jua limepanda. Ngata kichwani, mtungi juu yake, na mlima mbele yako. Ukiuvunja mtungi unaogopa kurudi nyumbani. Sasa huyu mama amekwenda saa sita. Saa sita hakuna mtu anayekwenda kisimani, Mwalimu, labda anayewakwepa wenzake, au aliyeishiwa ghafla. Halafu anauacha. Kama ulikuwa mtupu, ameacha chombo chake. Kama ulikuwa umejaa, ameacha kazi ya kutwa nzima. Ndiyo maana nikauliza."

Nimeisoma sura ile labda mara hamsini katika maisha yangu, na sikuwahi kuisimamisha saa ile. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "yapata saa sita", na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko kama walivyohesabu Wayahudi wa zamani, hatuhitaji maelezo yoyote pembeni ya ukurasa. Jua liko utosini, kila Mswahili analiona. Mimi niliyajua ya Hirkano na sikuliona jua. Kisima chenyewe kipo hadi leo karibu na mji wa Nablus, na waliokipima wameandika kina cha zaidi ya mita 30, kwa hiyo maneno ya yule mwanamke, "huna kitu cha kutekea, na kisima ni kirefu", si kiunganishi cha kufikia mahubiri juu ya maji ya uzima. Ni maneno ya mtu anayejua uzito wa kamba.

Alhamisi iliyofuata yule mama alirudi, nami nikaomba tuisome sura ile ile upya, kwa makundi. Hojaji sikuwa nayo na sikuitaka, kwa hiyo nilitumia njia yangu. Nilimwomba kila mmoja anisimulie mnada aliouhudhuria karibuni, nikawasikiliza: kuna waliotaja bei ya mbuzi, rangi ya khanga na mahali lori lilipokwama, na kuna walioanza moja kwa moja kueleza jinsi biashara inavyobadilika na mji utakavyokuwa baada ya miaka kumi. Kisha niliwapa shauri la ndugu wawili wanaogombania mikorosho ya marehemu baba yao, jambo ambalo huku kwetu halihitaji kubuniwa, nikaangalia ni nani anayeuliza kwanza "Wosia unasemaje?" na ni nani anayeuliza "Mama yao yuko hai?"

Waliopokea kwa milango ya fahamu walikaa na yule mama, na walirudi na vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitaja katika miaka yetu yote: kwamba Yesu alikuwa amechoka, kwamba aliketi "vivi hivi" kisimani kama mtu asiye na nguvu ya kuchagua mahali pazuri, kwamba wanafunzi wote walikwenda kununua chakula wala hakuna aliyebaki naye, kwamba alikaa kwa Wasamaria siku mbili, maana yake alilala na kula vyomboni mwao. Wa ung'amuzi hawakutulia kisimani hata dakika tano. Walikwisha kufika kwenye kitabu cha Mwanzo, mahali mtumishi wa Ibrahimu alipompata Rebeka kisimani na Yakobo alipokutana na Raheli kisimani, wakaruka hadi Kutoka, Musa na binti za kuhani wa Midiani, wakauliza kama anayesoma Yohana hapaswi kusikia harufu ya harusi, hasa kwa kuwa sura ya tatu imekwisha kumwita Yesu bwana arusi.

Nilikuwa nimetarajia kwamba kundi la moyo litakuwa la akina mama na kundi la hoja litakuwa la wanaume, na hapo nilikosea tena. Aliyesema kwa niaba ya kundi la moyo alikuwa fundi pikipiki, kijana mkimya mwenye mikono ya grisi, aliyetusomea mstari wa 27, kwamba wanafunzi walirudi wakastaajabu kumwona akisema na mwanamke ila hakuna aliyeuliza kitu. "Shikamooni wazee," alianza, kisha akasema kwamba yeye aliwaza jinsi mwanamke yule alivyojisikia wanaume wale wote walipotokea kwa pamoja wakamtazama wakanyamaza, baada ya mazungumzo ambayo kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameyajua maisha yake bila kumfukuza. Alisema huenda hiyo ndiyo sababu aliondoka kwa haraka hata akauacha mtungi. Baraza lilikuwa kimya.

Na aliyemjibu, kutoka kundi la hoja, alikuwa mama muuza samaki, mwenye sauti kubwa na akili kali kuliko yangu. Alitaka kuonyeshwa mahali ambapo maandiko yanasema kwamba mwanamke huyo alikuwa kahaba. Tulitafuta, hatukupaona. Yanasema amekuwa na waume watano, na kwamba aliye naye sasa si mume wake. Mama muuza samaki akauliza ni mume gani tuliyemjua katika nchi zile za kale aliyepewa talaka na mke wake, na kama waume watano hawawezi kuwa wamekufa, au wamemwacha mmoja baada ya mwingine, na kama Yesu mahali popote anamwambia "usitende dhambi tena". Hakumwambia. Mimi nilikuwa nimehubiri juu ya ukahaba wake kwa miaka tisa, mimi mtu wa hoja, bila kuidai hoja hiyo ushahidi. Hilo lilinifundisha jambo ambalo semina haikunifundisha, kwamba mtu anaweza kuwa mzembe hata katika uwezo anaojivunia, hasa pale ambapo hakuna mwenziwe wa aina ile ile wa kumbana.

Usiku ule nilipomsimulia mke wangu, aliniuliza swali ambalo bado nalifikiria. Je, yule mama aliuona mtungi kwa sababu ya hulka yake, au kwa sababu amebeba maji? Ni swali zito, kwa sababu ni rahisi kumwita mtu aina fulani na kumbe ni maisha yake yanayosema. Ila jibu la sehemu lilikuwa mbele yangu. Mke wangu naye amezaliwa uwandani, naye alishuka bondeni na ngata kichwani, lakini tuliposoma wote sura ile alichokiona yeye ni kwamba kisima kiliitwa cha Yakobo, na kwamba mwanamke anauliza "wewe u mkubwa kuliko baba yetu Yakobo?" akiwa hajui kwamba anajibu huku akiuliza. Wote wawili wamebeba mzigo ule ule. Mmoja aliusimamisha mtungi mbele yetu, na mwingine aliupita akaifuata maana. Ninaloamini sasa ni kwamba maisha humpa mtu vitu vya kuona, na hulka humwonyesha ni kipi cha kuanza nacho, na asiyeyatenganisha haya mawili atawadhulumu watu kwa namna mpya.

Baadaye padre wetu aliniambia jambo lililonifurahisha sana, kwamba tofauti tuliyoiona barazani ni ya zamani kuliko neno "hulka" lenyewe. Mtakatifu Augustino, akiihubiri sura hii hii, aliwafasiri waume watano kuwa ni milango mitano ya fahamu inayoitawala nafsi kabla haijapata akili ya kuiongoza, ufafanuzi ambao watu wetu wa ung'amuzi wangeupokea kwa mikono miwili na ambao mama muuza samaki angeuomba cheti. Mtakatifu Yohana Krisostomo, mzaliwa wa Antiokia ambako walimu walipenda kuishika maana ya wazi ya maneno, alisimama kwenye mtungi. Alisema kwamba kama mitume walivyoziacha nyavu zao walipoitwa, ndivyo mwanamke huyu alivyouacha mtungi wake, tena yeye bila hata kuamriwa. Kwa hiyo swali ambalo mimi nililiita la kukwama, Krisostomo, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, aligusa jambo lake katika mahubiri zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Nilimpelekea yule mama habari hiyo siku ile ile.

Sitaki anayesoma haya adhani kwamba tulipata dawa. Baada ya miezi michache watu walianza kujificha nyuma ya majina yale. Kijana mmoja niliyemwomba aandae maelezo ya historia alisema, "Mwalimu, mimi ni wa ung'amuzi, mambo ya tarehe nisamehe," na mwingine alipomsema vibaya mwenzake alijitetea kwamba watu wa hoja ndivyo walivyo. Niliyapiga marufuku majina yale barazani kwa mwaka mzima. Nilifanya hivyo pia kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua kwamba wanasaikolojia wengi wana mashaka na hojaji ile ya Marekani, kwa vile watu wengi wakiijibu tena baada ya muda mfupi hupewa aina nyingine, na kwa vile inawagawa watu pande mbili ilhali wengi wamesimama karibu na katikati. Ukichukua swali la iwapo mtu hupenda kukaa peke yake ukalileta katika nyumba yenye watu kumi na chumba kimoja cha kulala wageni, huenda unapima nyumba.

Tulichokihifadhi ni zamu. Kila kifungu sasa kinasomwa mara nne, na wa kwanza kusema ni wale wenye vitu vya kuonekana, kwa sababu nimeona kwamba tukiruhusu hoja itangulie, vitu havirudi tena. Mimi husema mwisho. Nalazimika pia kuandaa kila juma swali moja la moyo, na hilo hunigharimu jasho kuliko mlinganyo wowote niliowahi kuukokotoa ubaoni. Ni mwaka jana tu nilipoweza kuuliza mbele za watu jinsi Petro alivyojisikia, bila kuhisi kwamba nimepoteza muda wa kundi.

Kwaresima iliyopita tuliirudia tena sura ya nne. Yule mama, ambaye sasa macho yake yamepungua na husomewa na mjukuu wake, alisikiliza mpaka mwisho wa mstari wa 42, kisha akasema, "Mwalimu, mwanzo alisema 'nipe maji ninywe'. Alikunywa lini?"

Niliweka kidole kwenye mstari wa saba nikaanza kushuka. Niliyapita maji ya uzima, nikawapita waume, nikaupita mlima wangu na hekalu langu, nikafika kwa wanafunzi na chakula chao ambacho napo hapasemwi kwamba alikila, nikafika kwa Wasamaria wanaomwomba akae. Mjukuu naye alikuwa akitafuta kwa sauti ya chini. Nikageuza ukurasa nyuma, nikaanza tena kwenye mstari wa saba.